Ripoti Niliyoiandika Juu ya Bi Zuhura

Jumamosi. Joto la Oktoba, lile la kubana pumzi kabla ya mvua za vuli. Upepo umegoma tangu asubuhi na feni ya sebuleni inanung'unika kuliko inavyopepea. Nimepika chai mara tatu na mara zote imepoa mkononi.

Nimefanya jambo baya, na hakuna anayejua.

Naandika hapa kwa sababu blogu hii ina wasomaji kumi na wawili, na nadhani wanne kati yao ni mimi mwenyewe nikiifungua kwenye simu na kompyuta mbalimbali. Majina nimeyabadilisha. Tuzo yenyewe siitaji. Itoshe kusema ni ile ya nje, kubwa, ambayo siku ya kutangazwa hata redio ambazo hazijawahi kutaja kitabu hukatiza muziki.

Alhamisi walimtangaza mshindi. Nilikuwa chuoni ninakofundisha fasihi ya Kiswahili, mlango wa ofisi nimeufunga kwa ufunguo kana kwamba nimeiba kitu. Kwenye skrini bwana mmoja mwenye suti alikohoa kidogo, akasoma jina. Halikuwa jina la Bi Zuhura.

Nikashusha pumzi. Nilifarijika.

Hilo ndilo linalonitesa tangu juzi. Ningehuzunika kwanza kisha nikafarijika, labda ningejisamehe. Lakini faraja ndiyo iliyotangulia, na huzuni ilipokuja niliona kabisa kwamba nimeiita mwenyewe, ili nisijione mbaya.

Bi Zuhura ni mshairi wa Mji wa Kale, Mombasa, ana miaka themanini na kitu, na macho yake siku hizi yanaona mwanga na vivuli tu. Mimi ni mtoto wa Kigiriama. Baba alikuwa kuli bandarini na tulipanga chumba kimoja Bondeni, nyumba mbili kutoka duka dogo ambako Bi Zuhura alikuwa akishona. Nikitoka shule nilikaa chini kando ya cherehani yake, yeye akikanyaga, mimi nikihesabu mizani kwa vidole. Nikikosea, alisimamisha gurudumu kwa kiganja na kuningoja. Hakunipa jibu hata siku moja. Alingoja tu. Kila nilichonacho cha lugha hii, pamoja na mshahara ninaoupata kwa kuifundisha, kimetoka pale chini.

Sasa nieleze tuzo inavyochagua mshindi, maana bila hivyo kosa langu halitaeleweka.

Watu hudhani kuna majaji waliojifungia mahali wakisoma vitabu vyote vya dunia. Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe kila mwaka ofisi ya tuzo hupeleka barua kwa walimu wa fasihi wa vyuo vikuu, vyama vya waandishi na washindi waliopita: pendekezeni majina. Mtu haruhusiwi kujipendekeza. Majina huja mengi, yakachujwa, yakachujwa tena, hadi wakabaki watano. Hao watano ndio majaji huwasoma kwa miezi, kisha hubishana na kupiga kura. Hawachagui kitabu kimoja, wanachagua kazi ya maisha mazima, na mwenye kazi hiyo lazima awe hai. Marehemu hapewi. Na yote yanayosemwa humo ndani hufungiwa miaka mingi, hayatoki.

Na kama hakuna jaji anayejua lugha ya mwandishi? Hapo ndipo wanapomtafuta mtu kama mimi.

Barua pepe ilinifikia Februari. Mtu alikuwa amempendekeza Bi Zuhura. Sijui ni nani, ila si mimi. Miaka yote hiyo nina haki ya kupendekeza, na jina lake halikunijia hata mara moja. Walitaka mambo mawili kwangu: ripoti ya kurasa tatu kuhusu kazi zake, na tafsiri ya Kiingereza ya kurasa thelathini nitakazochagua mwenyewe. Majaji wangesoma hizo thelathini tu.

Kulikuwa na fomu. Swali moja liliuliza kama nina uhusiano wowote na mwandishi. Niliandika kwamba namfahamu kama mkazi mwenzangu wa Mombasa. Kama ningesema ukweli, kazi ingepewa mtu mwingine, na niliitaka. Niliitaka sana, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniandikia mimi binafsi kutoka kule.

Ripoti ninayo. Nimeifungua leo asubuhi na kuhesabu. Neno "lakini" limo mara kumi na moja. Ni mshairi anayeheshimiwa mtaani kwake, lakini uwanja wake ni mdogo. Ana ustadi wa vina, lakini hajavuka mipaka ya mapokeo. Beti zake za kuwaasa maharusi zinapendwa, lakini hazina jipya. Kurasa tatu za namna hiyo, kwa Kiingereza safi, aya zimenyooka kweli kweli.

Kwa miezi minane nimekuwa nikijitetea hivi. Huku kwetu mtu hasifu cha kwake. Mgeni akikuuliza mwanao amefanyaje mtihani, unasema anajaribu tu, hata kama ameongoza darasa. Unaogopa kijicho, na unaogopa zaidi kuonekana unajigamba. Chakula unakiandaa tangu alfajiri, kisha unamwambia mgeni hapana kitu. Mgeni naye anajua. Anainua kawa iliyofunika sahani na kuona mwenyewe. Basi mimi nilimwandika Bi Zuhura kama mtu wa nyumbani kwangu, nikasahau kwamba wale ninaowaandikia hawana mkono wa kuinua kawa. Waliambiwa hapana kitu, wakaamini, wakaenda nyumba nyingine.

Ni utetezi mzuri. Nimeurudia mpaka umeanza kuniudhi.

Leo baada ya adhuhuri nilikwenda kwake Mji wa Kale. Huwa naenda Jumamosi, na nisingekwenda angeuliza. Nilipiga hodi, nikapanda ngazi zile za mbao. Alinitambua kwa hatua zangu.

"Karibu mwanangu, karibu. Leo hapana kitu, utala ulichokikuta."

Nilichokikuta kilikuwa wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari, achari ya embe, na bakuli la kaimati lililofunikwa pembeni. Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni, na nashukuru kwamba hakuuona uso wangu.

Tukala. Alikuwa amesikia redioni habari za tuzo.

"Mwaka huu wamempa nani?"

Nikamtajia jina na nchi.

"Mashaallah. Na humteua vipi mtu, katika dunia yote hii?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kama ninavyowaeleza wanafunzi, barua na mchujo na kura, kana kwamba nimeyasoma gazetini. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa, vile alivyokuwa akisikiliza beti zangu za utotoni akitafuta palipopinda.

"Na lugha ya mtu wasipoijua, wasomaje?"

"Humtafuta mtu wa kuwasomea, Bi. Awaandikie."

"Mtu mmoja?"

"Mara nyengine mmoja."

Akachomoa mwiba kwenye samaki wangu, akauweka kando.

"Masikini. Kazi nzito hiyo. Mngu amsahilishie."

Kisha akaendelea kunichambulia samaki. Haoni, lakini vidole vyake vinaujua mwiba ulipo, na bado ananitolea miiba kama nilipokuwa na miaka minane. Akaniwekea mnofu pembeni ya sahani. Nikaula.

Niliaga mapema kwa uongo wa kusahihisha mitihani. Nikaenda kukaa Mama Ngina, pale ukingoni mwa bahari, nikanunua muhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili ambao sikuuhitaji, nikaushika hadi ukapoa. Pembeni yangu familia moja ilikuwa ikigombana kwa furaha juu ya nani atapigwa picha na nani. Pale ndipo nilipojiambia kweli, na sasa naiandika kabla sijaipamba.

Haikuwa adabu. Ilikuwa wivu.

Katika kitabu chake cha mwisho Bi Zuhura ana shairi refu la beti tisini. Linahusu Kibarani, enzi zile palipokuwa jaa la mji mzima, moshi usiokwisha na korongo wakigombania takataka na watu. Katika shairi kuna mwanamke anayeokota chupa na madebe, anayaosha na kwenda kuyauza. Mwanamke huyo ni mama yangu. Baba alipoumia bandarini na kuachishwa kazi, mama ndiye aliyetulisha, na alitulisha kutoka Kibarani. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba mama ana biashara. Bi Zuhura peke yake ndiye niliyemwambia ukweli, nikilia chini ya cherehani.

Nina riwaya juu ya habari hiyo. Huu ni mwaka wa tisa naiandika. Kurasa mia tatu ziko kwenye kabati, na mama hayumo. Yumo mwanamke fulani anayeteseka, anayesema maneno makubwa, lakini mama hayumo. Bi Zuhura amemtia katika ubeti mmoja tu, pale anapoeleza jinsi mama alivyokuwa akirudi jioni, anaosha mikono kwa ndimu, kisha ananusa viganja vyake kwanza kabla ya kumgusa mtoto shavuni.

Alikuwa akifanya hivyo kweli. Nilikuwa nimesahau. Mtoto ni mimi na nilisahau, na jirani akakumbuka.

Shairi hilo sikulitia katika kurasa thelathini. Nilitia nyimbo za harusi. Niliiandikia ofisi ya tuzo kwamba utenzi mrefu ungepoteza ladha katika tafsiri, na nilijua kwamba hilo ndilo bora kuliko yote aliyoandika. Sikuweza kuvumilia mama yangu ajulikane duniani kwa mkono usiokuwa wangu. Kwa hiyo nikamficha tena, kama nilivyomficha shuleni.

Sijui kama shairi hilo lingempa tuzo. Huenda lisingempa, wenye kazi bora wako wengi. Sitajua kamwe, wala yeye hatajua kwamba alifika mlangoni na mimi ndiye niliyekuwa bawabu.

Niliporudi nyumbani saa kumi na moja jioni, kabla ujasiri haujanitoka, nikampigia simu.

"Bi, nataka kulitafsiri lile shairi la Kibarani."

Nikasikia redio yake ikipunguzwa sauti.

"Nalidhani hukulipenda," akasema. "Tangu nikupe kile kitabu, mwaka wa tatu huu, hukunambia neno. Nikasema labda nimemkosea mamako, kumtoa mbele za watu. Kila nikiswali namuombea yeye, na namuomba Mngu akutie moyo wa kunisamehe."

Miaka mitatu. Mimi nilidhani hatia ni yangu peke yangu na nimeificha vizuri, kumbe nusu yake nilimbebesha yeye, na ameibeba kwenye mswala wake bila kunilalamikia. Jumamosi zote hizo, wali na samaki, na mwiba ukitolewa. Alikuwa akiningoja, kama zamani nilipokosea mizani.

"Hukumkosea, Bi," nikamwambia. "Ni yeye hasa. Ni zuri."

Na pale pale nikahisi ulimi unatafuta neno la kufuatisha. Nalijua neno lenyewe, nimelihesabu mara kumi na moja. Nikalimeza.

Upande wa pili nikasikia akivuta kamasi taratibu, kisha akanikaripia kwa kuondoka mapema na kuziacha kaimati.

Barua za mapendekezo hupokelewa hadi mwisho wa Januari. Safari hii nitampendekeza mimi, kwa jina langu. Nitatafsiri beti zote tisini, na nitawaandikia kwamba ripoti yangu ya kwanza wasiitegemee, na kwa nini. Mahali pa kuuliza uhusiano nitaandika kwamba alinilea kwenye lugha na kwamba mwanamke wa Kibarani ni mama yangu. Huenda wasinipe kazi tena. Wana haki.

Lakini hilo ni la ofisini, na ni rahisi. Gumu ni lile la kesho. Kesho baada ya alasiri nitarudi Mji wa Kale na zile kurasa tatu. Kanuni za tuzo zinakataza, najua. Macho yake hayawezi kuzisoma, kwa hiyo itabidi nimsomee mimi, kwa Kiswahili, kwa sauti yangu, kila "lakini" mahali pake, naye ameinamisha kichwa akisikiliza palipopinda.

Najua atanipokea pale juu ya ngazi na kuniambia hapana kitu. Sijui kama nitathubutu kula kabla ya kumsomea. Na nikishamsomea, sijui kama ataniambia nile.