Uso Uliowaka

Gakoromone, Meru
4 Machi 2024

Kwa mdogo wangu Rahema,

Salaam aleikum. Natumai wewe na watoto mko salama huko Embu. Namba yako niliifuta, ndio maana naandika.

Jicho la kushoto limevimba, naona vitu viwili viwili. Nilipelekwa Nairobi, nikadungwa dawa yenye mionzi kidogo inayotafuta uvimbe mwilini, kisha nikapigwa picha. Ni saratani. Ilianzia kwa utumbo, ikaenda kwa ini, sasa iko nyuma ya jicho. Daktari aliuliza kama uso huwaka moto na kama naharisha. Nikamwambia ni miaka tisa. Akasema, “Huo ndio ugonjwa wenyewe.”

Haikuwa pombe, Rahema.

Ni mimi kaka yako,
Sulemani

Embu
11 Machi 2024

Kaka Sulemani,

Waleikum salaam. Watoto wazima. Mimi barua yako imenimaliza.

Mimi ndiye niliyemwambia mama unakunywa. Nilikuona macho mekundu, uso unawaka, unakimbilia choo, nikajiambia najua. Tangu hapo akasema mlevi hachinji, hakula nyama uliyochinja wewe, mpaka tukamzika. Nisamehe. Niruhusu nije.

Mdogo wako,
Rahema

Gakoromone
20 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Usije wiki hii. Jumatano niliwekewa ile dawa ya mionzi yenyewe, ile ya kuchoma uvimbe. Nimeambiwa nikae mbali na watu kwa siku kadhaa; mke wangu Shamima ananiachia chakula mlangoni. Daktari hakuniahidi kupona. Alisema itazuia uvimbe usikue.

Mimi nimekusamehe. Kwa upande wa mama sina la kukusaidia.

Kaka yako

Embu
14 Juni 2024

Kaka,

Hali yako? Shamima ameniambia uvimbe wa jicho umepungua, namshukuru Mungu.

Juzi nilikuja Meru bila kukuambia. Nilizunguka kwa jamaa, nyumba kwa nyumba, nikawaambia hujawahi kuonja pombe. Shangazi Jamilah alilia. Mjomba Khalifa aliniuliza kama nilikuona hata siku moja ukinywa. Nikasema hapana.

“Sasa ulisema kwa nini?”

Niliaga, nikatoka. Nilifika karibu na kwako, nikageuka. Kama utakubali, nitakusindikiza Nairobi kwa dozi ya pili ya ile dawa ya mionzi. Ukikataa, nitaelewa.

Mdogo wako,
Rahema