Mashine ya Mumbere

Jumanne, Kasese. Joto tangu asubuhi, na mlima umejificha nyuma ya mawingu. Kifua kinanibana kama kawaida, lakini leo si kifua kinachoniuma.

Masika amekuja kutoka Bwera. Ni binti wa kwanza wa rafiki yangu, marehemu Mumbere. Mwana wa Masika anaoa, na mama anataka kumpa saa ya babu yake, ile isiyotiwa ufunguo, inayojijaza kwa mwendo wa mkono.

"Baba mudogo, angalia kama iko yake yote, ndani na inje. Sitaki kupa mutoto kitu ya kuchanganya-changanya."

Zamani nilikuwa karani mgodini, Kilembe, na pembeni nilitengeneza saa. Wachimbaji waliniachia zao kabla ya kushuka, zisiharibiwe na vumbi na maji. Droo yangu ilijaa saa, kila moja ikigonga kivyake. Sauti hiyo naikumbuka kuliko sauti ya mama yangu.

Nilifungua mfuniko mbele yake. Uso wa saa umeandikwa vito ishirini na tano, vile vijiwe vidogo vinavyobeba magurudumu ya ndani. Mashine yenyewe imechongwa vito kumi na saba.

Hiyo ya kumi na saba ni yangu.

Mimi na Mumbere tulinunua saa wiki moja, za kiwanda kimoja, mimi ile ya bei ndogo. Yangu ilikuwa ikichelewa. Siku moja, yeye akiwa ameshuka mgodini na saa yake ikiwa kwenye droo yangu, nilizibadilisha mashine. Uso ulibaki uleule. Angejuaje?

Nilimwambia Masika kwamba mashine si ya saa hii. Akacheka. "Ndiyo maana! Baba alichelewa kila kitu. Hata kufa alichelewa." Akamlaumu fundi fulani wa zamani. Nami nikamwacha amlaumu.

Masika hakujua kwamba ni saa hiyo iliyomfanya Mumbere alikose lori la Bwera siku ya kumzika baba yake. Mumbere ndiye mtoto wa kwanza, jina lake linasema hivyo. Kwa desturi, udongo wa kwanza kaburini ulikuwa wa kutupwa na mkono wake. Alikuta kaburi limeshafunikwa. Aliporudi kazini aliniachia saa kama siku zote, akanishukuru kwa kumtunzia.

Mashine yake nilikuwa nimeivaa mkononi, ndani ya saa yangu.

Jioni hii nimempigia simu Masika, nikamweleza yote.

"Mimi siwezi kukusamehe, baba mudogo. Si mimi ulikosea. Kesho niko nakuja na gari. Utamwambia wewe mwenyewe, kule kwa kaburi."

Nikamwambia daktari amenikataza safari.

"Daktari hakujua baba."

Basi kesho nakwenda Bwera. Saa yangu nimeshaivua, nimeitia kwenye bahasha na kuandika jina la Mumbere. Nimekaa hapa natafuta sentensi ya kwanza ya kumwambia, na bado sijaipata.