Kijiko cha Catinca

Valea Prunilor, 12 Februari

Mama, shikamoo.

Smaranda sasa hivi ameweka kijiko cha nne mezani, na sisi tuko watatu. Mkweo Toader akamuuliza kwa utani kama leo atakula kwa mikono miwili. Akajibu, "Cha mama." Mama huyo si mimi. Mimi ananiita Veta, kama jirani.

Sisi wazima. Mgongo wako vipi? Na yule bibi unayemlea huko Padova bado anakutupia chakula?

Ombi letu limekubaliwa. Serikali inatupa hela kila mwezi za kumlea Smaranda, na kwa za mwanzo tumeshajenga jiko la kuni chumbani kwake, maana afisa wa ustawi alisema chumba cha baridi hakipitishwi. Mahakama ni tarehe 20 Aprili. Siku hiyo awe wetu, au arudi kwenye kituo cha watoto. Shangazi Profira anatangaza kisimani kwamba mwaka huu tumeamua kufuga mtoto badala ya nguruwe. Toader anacheka. Mimi sicheki.

Kinachoninyima usingizi ni mama yake mzazi, Catinca. Afisa anasema alisaini karatasi ya kumwachia serikali mtoto, akaondoka, hajulikani alipo. Kijijini kwao wanasema alifia Hispania. Nani alimwashia mshumaa?

Bintiyo, Veta

Padova, 24 Februari

Veta mwanangu,

Mgongo unauma lakini bado unanibeba. Bibi siku hizi ananitupia supu tu, mkate anakula.

Mtoto anamwekea kijiko kwa sababu mtu huyo ana njaa. Kafa ugenini, hakuna aliyempikia ngano na asali ya matanga. Mpelekee padri karatasi yetu ya majina ya walio hai na ya wafu, umwandike Catinca upande wa wafu, asomwe kanisani Jumamosi za Kwaresima. Kikombe kipya na mshumaa mpe Profira, sadaka kwa ajili ya marehemu. Kikiwa mdomoni atanyamaza kidogo. Marehemu akishiba atatulia, nawe utaitwa mama.

Mama yako

Valea Prunilor, 14 Aprili

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Tu wazima, na yai lako jekundu la Pasaka tumekuwekea.

Nilifanya yote. Padri alimsoma Jumamosi nne. Baada ya ile ya pili Smaranda akaanza kusimama dirishani kila jioni, anaupungia mkono uzio. Nikichungulia, hakuna mtu. Asubuhi tope lina nyayo. Nikanyunyiza maji ya baraka mpaka chupa ikaisha.

Jana nikatoka. Palikuwa na mwanamke nyuma ya mti wa plamu, mwembamba, kavaa koti la kiume.

"Usiogope, dada," akasema. "Binamu yangu alikuwa kanisani. Akanipigia simu Hispania, akaniambia, 'Catinca, wamekusoma na wafu.' Nikaja nimwone aliyenizika."

Mama, tumemsoma mtu aliye hai na wafu. Nikamwomba radhi, akasema hanilaumu, kule alikokuwa hakuna hata mtu wa kumtaja jina. Kisha akaliangalia bomba la moshi la jiko jipya.

"Nyinyi wamewapa hela mumlee. Mimi niliwaomba kuni, wakanipa karatasi nisaini."

Hakusema amekuja kumchukua. Hakusema hakuja kumchukua. Akaenda zake.

Toader anataka tunyamaze mpaka Jumatatu ya mahakama ipite. Afisa akijua yupo, huenda kesi ikaanza upya na mtoto akarudishwa kituoni. Nimemwelewa. Lakini kila nikikaa kula nakiona kile kijiko. Leo asubuhi nimekwenda kwa padri, nikalihamishia jina lake upande wa walio hai. Nikapeleka ujumbe kwa binamu yake kwamba Catinca aje ale nasi, kesho twende naye kwa afisa, tuseme kweli wote watatu. Ugali na jibini viko mezani, vijiko vinne. Najiambia labda sheria nayo ina mahali pa kijiko cha nne.

Smaranda ananiita kutoka dirishani. "Mama, njoo umfungulie mama."

Mama, hii ni mara ya kwanza kuniita mama. Ngoja nikafungue.