Ua la Zambarau Bwawani kwa Babu

Akello mwanangu,

Huku tu wazima. Pacha wanaota meno, naandika nimempakata mmoja, kwa hiyo usicheke mwandiko. Unauliza kama utie lile ua la zambarau linaloelea kwenye bwawa la samaki la shule yenu, lipendeze. Hapana. Mimi shangazi yako nililitia.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilitoa gugu maji moja, ndilo hilo ua lako, ziwani kwa beseni, nikaliweka kwenye bwawa la samaki la babu yako, hapa kambi ya polisi. Haukupita muda, maji yakafunikwa kabisa, bata akawa anatembea juu kama anakagua gwaride. Babu, sajenti wa polisi, akatupanga mstari watoto wote.

"Nani kaleta maua?"

Babu akamgeukia bata.

"Basi ni bata. Mkamateni!"

Nikacheka, nikajulikana. Niling'oa siku mbili, nikayatupa yote mtaroni. Mtaro nao ukachanua.

"Eh, binti yangu," babu akasema, "umefungua tawi!"

Nikang'oa tena, nikayaanika juani mpaka yakakauka.

Kama umeshalitia, maana nakujua, litoe leo ulianike. Kwa babu samaki walikosa hewa chini ya maua, wakabaki watatu. Wenu nataka wabaki wote.

Shangazi yako akupendaye