Nguzo Nilizozificha kwenye Picha

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Pike Narrows, Minnesota

Jina: Corinne Aho. Umri: miaka 46. Kazi: mchoraji wa ramani za nyumba, duka la mbao. Makazi: Barabara ya Tamarack, hapa hapa Pike Narrows.

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu. Sijatishwa, ingawa wapo waliojaribu.

Mwezi Februari mama mkwe wangu, LaVonne Aho, aliniomba nimchoree baraza la mbao nyuma ya nyumba yake, pale ardhi inapoteremka kuelekea ziwani. Nililichora kwenye kompyuta, kwa programu ninayoitumia kazini kila siku: sakafu tatu, moja chini ya nyingine, zimeungwa kwa ngazi. Nguzo niliziweka zote. Mama alipoiona picha akanung'unika kwamba zile nguzo zinamfanya ajione anaishi chini ya daraja, na yeye anataka kuliona ziwa. Basi nikazificha kwenye picha hiyo moja tu, kama mchoraji yeyote anavyofanya mteja akitaka kuona uzuri. Akaibandika kwenye friji. Michoro ya vipimo, yenye nguzo, nilimkabidhi mkononi shemeji yangu Curtis, ambaye ndiye fundi.

Curtis hasomi michoro, na hujisifia hivyo. Alijenga kwa kuangalia friji.

Wakati wa ujenzi nilikuwa Fargo kikazi. Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nane mchana, nilifika kwenye sherehe ya mama kutimiza miaka themanini. Nilipitia upande wa ziwa na bakuli langu la saladi ya viazi, nikatazama juu. Chini ya sakafu ya kati hapakuwa na kitu. Ilikuwa imeshikwa na ubao uliopigiliwa ukutani, basi, na mama amekaa juu yake na keki yake. Nikawaambia washuke. Curtis akaniuliza, "Shem, unaogopa mchoro wako mwenyewe?" Watu wakacheka. Ubao uling'oka hawajamaliza kucheka. Mama amevunjika nyonga.

Hospitalini mume wangu Dale alinivuta pembeni, Curtis yuko nyuma yake, macho chini.

"Waambie polisi kompyuta ilikosea," Dale akasema. "Kompyuta haifungwi, Corinne."

Nikamjibu, "Nguzo niliziweka. Ndugu yako ndiye asiyeziweka."

Akaniambia kama nitamchongea ndugu yake, nisirudi nyumbani. Limeniuma, na hilo liandike, afande. Miaka ishirini na moja nimekula meza moja na watu hawa. Damu nzito kuliko maji, sawa, lakini damu hiyo ni yao. Jina lililo kwenye mchoro ni langu, na siliuzi ili Curtis apate usingizi.

Nimesomewa maelezo haya na ndivyo nilivyosema. Siongezi, sipunguzi.

(Sahihi) Corinne Aho

Maoni ya afisa: Mwanzoni niliandika "nilisahau nguzo." Shahidi alinirudishia karatasi mara mbili, akakataa kutia sahihi hadi nilipoyafuta maneno hayo. Mumewe, aliyekuwa akimsubiri nje, ameondoka na gari. Nilijitolea kumfikisha nyumbani. Amesema haendi nyumbani. Anakwenda hospitalini kukaa na mama mkwe wake, na njia anaijua kwa miguu.

Afisa B. Skoglund