Maziwa ya Bi Mwahija

Pande, Kilwa
9 Februari 1954

Kwa mdogo wangu Apolonia,

Nakusalimu sana, wewe na wote hapo hospitalini Lindi. Sisi hatujambo, ila uchovu tu. Arobaini ya mama yetu, Bi Mwahija, tumeimaliza, wageni wameondoka, nimebaki na masufuria ya watu ya kurudisha. Binti yangu Moza ndiye anayeniandikia na anakuamkia.

Lililonikalisha kitako ni hili. Watu huku husema gonjwa la ziwa ni la Wahindi na Wazungu, wanaowapa watoto chupa. Mama katunyonyesha sote aliotuzaa, na wewe juu yetu, na bado limemtoa roho. Sasa shangazi Ziada anasema lilimwingia kwa kukunyonyesha wewe, mtoto wa Kimwera, Mkristo, uliyefiwa na mamako kambini kwenye mkonge. Usimchukie, ni uzee. Mimi naogopa kinyume chake. Kama gonjwa lilikuwa ndani ya maziwa, basi wewe umelinywa kuliko sisi sote. Tafadhali, hao masista unaofanya nao kazi wakutazame. Silali vizuri.

Dada yako wa kunyonya,
Sada


Hospitali ya misheni, Lindi
14 Machi 1954

Dada Sada, shikamoo.

Natumaini u mzima, na shemeji Yunusu na watoto pia. Mimi nipo, kazi nyingi, jioni miguu inavimba. Barua yako nililia nayo chooni wasinione. Nimetazamwa. Sina kitu.

Aliyenitazama ni Sista Yustina. Kasema maziwa hayapitishi ugonjwa huu, wala kabila halimkingi mtu. Nami nimeona kwa macho yangu: mwaka huu tumemuuguza mke wa Mhindi wa duka, na Mmakonde mkulima mwenye watoto tele, na mama mmoja wa Kizungu. Wa kwetu wanaonekana wachache kwa sababu hawaji, au wanakuja mambo yamekwisha. Halafu Sista akaniuliza kama mama ana mabinti wa kuwazaa, maana wenye damu yake ndio wajihadhari zaidi. Nikakutaja wewe.

Dada, unapooga, bonyeza kwa vidole, ziwa moja kisha la pili, mpaka kwapani. Ukigusa kitu kigumu, njoo, hata kama hakiumi.

Mdogo wako,
Apolonia


Pande, Kilwa
20 Aprili 1954

Mdogo wangu Apolonia,

Alhamdulillahi, habari ya uzima wako imenitua mzigo. Sisi tupo, mvua imetubomolea jiko, tunapikia ukumbini.

Barua yako Moza aliisoma kwa sauti barazani, na shangazi yupo. Tulicheka mpaka machozi. Eti nijibonyeze. Umeshakuwa daktari siku hizi. Mimi usinihofie, mama aliniachisha ziwa siku ulipoletwa wewe, nikakuzwa kwa uji. Sikunyonya ya kutosha kunidhuru. Na hayo ya damu usiyaandike tena, nakuomba. Moza ameposwa na watu wa Miteja, harusi ni baada ya Idi. Wakisikia nyumba yetu ina gonjwa linalofuata damu, hawatarudi tena hapa.

Dada yako,
Sada


Lindi
11 Julai 1954

Dada Sada, shikamoo.

Hujambo? Shemeji hajambo? Idi imepita, na harusi nimesikia ilikwenda vizuri, lakini barua yako sijaiona. Uliyonikataza siyaandiki. Nauliza hali yako tu. Nijibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Apolonia


Pande, Kilwa
26 Septemba 1954

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nivumilie herufi hizi, naandika mwenyewe. Moza yuko kwa mumewe, na bora iwe hivyo.

Nilipokuandikia barua ya kwanza, lilikuwepo tayari kwenye ziwa langu. Dogo kama punje ya njugu mawe, haliumi. Nikajiambia, mimi niliyeachishwa mapema, haliwezi kuwa lile, wa kuogopewa ni wewe. Yako iliposomwa barazani nilicheka na wenzangu, huku nimelibana kwa mkono. Ningesema nini, shangazi anasikiliza na Moza ndiye msomaji? Nikasema harusi ipite kwanza. Imepita. Sasa ngozi imepasuka, kwapani pamevimba, na ile harufu naijua, maana mama nimemuuguza mimi.

Apolonia, nimechoka. Kwangu mimi sikuombi dawa. Moza ana mimba, na mdogo wake Somoe ameshavunja ungo. Wana damu yangu na ya bibi yao. Katikati ya mwezi ujao nawaleta kwa lori la mkonge. Wafundishe kujitazama, wewe na Sista wako, maana mimi kila nikitaka kuwaambia nashindwa. Wakiingia ndani, mimi nitakaa nje niwasubiri.

Dada yako,
Sada


Lindi
4 Oktoba 1954

Dada Sada, shikamoo.

Barua nimeipata leo, nakujibu kabla gari la posta halijaondoka. Sista nimemweleza yote. Hakuniahidi kitu, na mimi sitakuahidi kitu. Moza na Somoe nitawafundisha mwenyewe, mlango umefungwa, bila haraka.

Lakini watakaokaa nje ni wao. Wewe utaingia kwanza, dada, na nguo nitakuvua mimi.

Mdogo wako,
Apolonia