Tochi Yako Iko kwa Baraka

Papa Anselme,

Tangu tukuzike sijakuandikia, lakini leo umenilazimisha. Tochi yako ndogo, ile ulikuwa unaishika kwa meno ukilala chini ya tablo za magari, pale penye saa na vifungo vya dereva, muke wako Mama Neema ameipa Baraka. Alama za meno yako ziko bado pale kwenye plastiki. Mimi niliingia garaje yako miaka mine mbele ya Baraka. Nimefika Kampala, nimefika Dubai, na Goma nzima hakuna fundi wa kuongea kama mimi. Tochi ikaenda kwa mutu ambaye hata salamu anaitoa nusu.

Sikia vile ilikuwa. Ile gari nyekundu ya mashindano, ya viti viwili, ya muzee anayetoka Kiwanja, imerudi. Kolone ya volan, ile nguzo inayoshika usukani, imechoka. Nikaangalia tablo: kifungo cha taa za kukata kona kiko pale, karibu na saa ya spidi, hakiko kwenye kolone. Nikamwambia muzee mbele ya watu wote, "Hii ni modeli ya kwanza. Mimi sina haja ya kufungua." Nikaagiza kolone Dubai. Ilipofika, meno yake yakakataa kuingia kwenye volan. Nikasukuma. Nikapaka grisi. Nikatukana Dubai.

Baraka akalala chini, akapitisha kidole, akatoka. "Kolone ni ya modeli ya pili. Tablo ndiyo ya kwanza. Siku Papa alihamisha volan kutoka kulia kuja kushoto, tablo ya kushoto alipata ya zamani tu."

Muzee akacheka. Mama Neema alikuwa mlangoni, akasikia yote. Kesho yake akatoa tochi.

Na mimi siku hiyo ya kuhamisha nilikuwa wapi, Papa? Nimekumbuka. Ulinituma nje: "Safari, kachekeshe muzee, asije kutuchungulia." Nikamuchekesha saa tatu nzima, nikaona umenipa heshima. Kumbe Baraka alikuwa ndani, anakushikia skrubu. Hizo saa tatu ninamuonea wivu kuliko tochi.

Kolone nyingine iko njiani. Nimemuomba Baraka tochi, siku moja tu. Amenipa mara moja, na hiyo pia imeniuma.

Lala, Papa. Ninakuahidi kolone hiyo nitaifunga mwenyewe, tochi kwenye meno, pale pale penye meno yako. Hapo mudomo wangu utafungwa, na wewe utaweza kunifundisha.

Safari, yule wa nje